Nani Kakwambia?

Wanu binti Pandu alikuwa na ulimi, na wako waliokuja dukani kwa ajili ya ulimi huo kuliko kwa ajili ya lesi na nyuzi. Duka lilikuwa la Mzee Taibali, Mhindi wa Kibohora wa Sokomuhogo aliyeuza vitu vidogo vidogo vya washonaji: vifungo, sindano, pini, utepe, lesi za kanzu na za foronya. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu akawa hawezi tena kutenganisha uzi mweusi na wa kahawia, na kwa kuwa wateja wake karibu wote walikuwa wanawake, akaona bora amweke mwanamke nyuma ya meza. Mwaka wa hamsini na tatu jambo hilo halikuwa la kawaida Mjini Unguja, na maneno yalisemwa. Lakini Wanu alikuwa mtu wa Makunduchi, wa miaka ishirini na sita, aliyeachwa na mume na kuja kuishi na shangazi yake Kikwajuni. Alikuwa amekwisha kusemwa kwa makubwa zaidi ya hayo.

Mwanamume aliyeingia pale na maneno ya kumchombeza hakutoka salama. Mchukuzi mmoja wa bandarini alimwambia kuwa macho yake yanang'ara kama kandili. Wanu akamwuliza kama amekuja na mafuta ya kutia, au amekuja kuota mwanga wa bure. Wanawake walicheka ndani ya mabuibui yao, wakalibeba neno hilo mpaka majumbani, na siku ya pili wakaja kutafuta jingine. Hata Mzee Taibali, kwenye kiti chake pembeni, alikuwa akitikisika mabega bila ya kujua anayechekwa ni nani.

Basi ndipo akaanza kuja Bwana Matar.

Matar alikuwa tarishi wa korti. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni na kuita majina ya wenye kesi, na sauti yake ilikuwa nzito, ya kutulia, ikimfikia hata mtu aliyekaa nje chini ya ukuta. Alikuwa mrefu, wa miaka kama arubaini, daima kanzu safi na koti jeusi, na manukato mengi kuliko yanayompasa mwanamume anayetoka kazini. Alikuja kila Jumatatu alasiri. Alinunua kifungo kimoja cheupe, akakitia kwenye mfuko wa koti, akaenda zake. Wiki ya sita wanawake walikwisha kuelewa, wakawa wanajipanga kuja Jumatatu.

Wanu naye alikuwa ameelewa. Alimwuliza shangazi yake mtu huyo ni nani, akaambiwa ni mtu mstahiki, asiyekunywa wala asiyecheza karata, aliyekwisha kuoa mara mbili na sasa hana mke. Shangazi hakuongeza neno, na Wanu hakuuliza zaidi.

Jumatatu ya saba duka lilikuwa limejaa. Matar alisimama mbele ya meza, akajikohoza kama anayejiandaa kuita kesi, na ilionekana wazi kuwa maneno ameyaandaa nyumbani.

"Bi Wanu," alisema, "vifungo hivi vidogo vidogo vimenichosha. Mie sasa nataka kifungo cha maisha, na hakimu uwe wewe."

Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa ncha ya buibui. Wanu aliendelea kukunja utepe aliokuwa nao mkononi, taratibu, kwa sababu alijua watu wanangoja.

"Kabla sijakuhukumu, Bwana Matar," alisema, "niambie kwanza. Wale wawili uliowafunga wewe, wametoroka au wamefia jela?"

Kicheko kilianza, kikakatika katikati. Mmoja wa wale wanawake alimshika mwenziwe mkono. Wanu alinyanyua macho asijue amekosa nini, akaona uso wa Matar umekuwa wa rangi ya majivu. Haukuwa uso wa mtu aliyetahayari. Watu waliotahayari yeye aliwajua, alikuwa amewatahayarisha wengi. Huyu alikuwa ameingiwa na hofu.

Matar aliinama juu ya meza, na ile sauti yake nzito ikawa ndogo kabisa.

"Nani kakwambia?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale Wanu alikosa la kusema. Matar alimtazama mdomo kwa muda, kama anayengoja kitu kitoke humo, kisha akageuka akatoka, na kifungo chake akakiacha juu ya meza.

Hapo ndipo wanawake walipomweleza. Mke wa kwanza wa Matar alikimbia, akadai talaka. Wa pili, Mwanaasha, mtu wa Kiwengwa, alifariki miaka miwili nyuma, siku moja tu, mchana, bila ya kuugua kwa kujulikana. Wanu aliona aibu. Hakujua kuwa kuna maiti katika mzaha wake. Lakini wale wanawake hawakuwa wakiufikiria tena mzaha. Walichokibeba siku hiyo kwenda nacho majumbani kilikuwa ni lile swali la Matar.

Haikuchukua wiki mbili. Mtaa ulikuwa ukisema kuwa Wanu wa duka la vifungo anayo siri ya kifo cha Mwanaasha, na kwamba alimwambia Matar ana kwa ana, na Matar akaomba aambiwe nani kaitoboa. Wengine wakatia sumu, wengine wakatia kamba, kila mmoja kwa alivyopenda. Kule kortini Matar aliposimama mlangoni kumwita mwanamke mmoja katika kesi ya shamba, na mwanamke yule akachelewa kuitika, mtu alisema kutoka nyuma, "Kafia jela." Watu walicheka mpaka hakimu akauliza kuna nini. Tangu siku hiyo kila jina lililokosa wa kuliitikia lilipata jibu hilohilo. Ile sauti ya Matar ikaanza kupasuka.

Dukani hakuja tena. Alikuja upande wa pili wa njia. Kila alasiri baada ya kazi alikaa kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, iliyokabili duka, mikono juu ya magoti, akitazama. Njia ile ni nyembamba. Mtu akikaa pale, Wanu alikuwa kama amekaa naye chumba kimoja. Hakusema neno, hakumfuata njiani wala hakumtisha. Alimtazama mdomo. Wanu akiongea na mteja, Matar alikuwa akisogeza kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu kusikia. Ikafika mahali Wanu akawa anapima lesi kimya, na wateja wakamwuliza kama anaumwa.

Mzee Taibali, ambaye alikuwa haoni, alimwuliza siku moja nani yule anayekaa pale kila siku. Wanu alishangaa, akamwuliza amejuaje. Mzee alisema ananusa manukato.

Mwisho wa mwezi aliingia dukani mwanamume mmoja mwenye mikono iliyokatwakatwa na mishipi ya kuvulia. Alitoa salamu, akasimama mbali na meza kwa adabu. Alisema jina lake ni Ame, ametoka Kiwengwa, na Mwanaasha alikuwa dada yake, tumbo moja.

"Nimeambiwa unajua dada'angu alikufa vipi," alisema.

Dukani walikuwamo wanawake watatu, na wote waliacha kupekua. Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa jepesi: kwamba hajui neno, kwamba ulikuwa mzaha wa mtu mjinga. Wanu alilijua jibu hilo. Lakini alikuwa amechoka kutazamwa mwezi mzima, na aliuona tena ule uso wa majivu, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichokataa kujiita mjinga mbele ya wale wanawake.

"Mie nimeuliza tu," alisema. "Yeye ndiye aliyetaka kujua nani kaniambia."

Ame alitikisa kichwa polepole. Akaeleza, akitazama chini, kuwa siku ile walipopata habari na kufika Mjini walimkuta dada yao keshaoshwa na keshavikwa sanda. Hawakuuliza. Matar alilia sana na wao wakamwonea huruma. Mama yao tangu siku hiyo hulala akishtuka, akisema mtoto wake anamwita na yeye haoni mlango. Ame alishukuru, akatoka.

Siku ya tatu shangazi alirudi kutoka msibani na habari. Watu wa Kiwengwa wamekata shauri: Alkhamisi ya wiki ijayo, baada ya sala ya alasiri, itasomwa Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mkosaji. Itasomwa juu ya aliyemdhulumu Mwanaasha, na kama hakudhulumiwa, juu ya aliyezua. Matar mwenyewe ameitwa na amekubali kuhudhuria.

Shangazi alivua ukaya wake wa kichwani akaukunja. Alisema alipokuwa msichana aliona Halbadiri ikisomwa kwa ng'ombe aliyeibiwa, na aliyepooza hakuwa mwizi, bali jirani aliyemtaja mtu asiyekuwa na hatia. Kisomo kile, alisema, hakiangalii nani alikusudia na nani hakukusudia. Kisha akamwuliza Wanu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kweli kuna mtu aliyemwambia kitu.

"Hakuna," alisema Wanu.

"Basi uzushi ni wako."

Siku zile zilizobaki Wanu alizipita kama mtu anayebeba chungu kilichojaa. Sindano ilimchoma kidole, akakaa akiitazama damu mpaka mteja akaondoka. Jino lilimgonga, akadhani ndiyo mwanzo. Matar alikuwa bado anakuja kwenye baraza, na sasa wote wawili walitazamana kama watu wanaongoja hukumu ya kesi moja, kila mmoja akijua kuwa mwenziwe akipona yeye ataangamia.

Alkhamisi asubuhi aliomba ruhusa kwa Mzee Taibali, akapanda gari la abiria linalokwenda shamba, upande wa Kiwengwa, lile la bodi ya mbao lililojaa vikapu. Alishuka njia panda akaenda kwa miguu katikati ya mawe na vichaka mpaka akasikia bahari. Hakuhitaji kuuliza nyumba. Mikeka ilikwisha kutandikwa uani, chetezo cha ubani kimewekwa, na wanaume kumi na tatu walikuwa wakitawadha kisimani bila ya kusema. Ukumbini, peke yake, alikaa Matar. Hakuvaa koti. Bila ya koti lile alionekana mwembamba, na shingo yake ilikuwa ya mzee.

Wanu alikwenda upande wa wanawake, akamwamkia mama wa marehemu, Bi Mize, kikongwe aliyekaa na mgongo kwenye ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo yule wa Mjini?"

"Ndo mie. Nimekuja kusema kuwa sikujua kitu. Nlisema neno la mzaha dukani ili watu wacheke. Hata kufa kwake sikuwa nnakujua."

Bi Mize akamwita Mwalimu Jaku, aliyekuwa aongoze kisomo, na Mwalimu akataka neno hilo lisemwe mbele ya watu wote na kwa kiapo. Wanu alitia udhu. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kuwa hakuambiwa na mtu, hakuona, hakusikia, na hana ushahidi wowote juu ya Matar. Aliyasema yote bila ya kusitasita, kwa sababu yote yalikuwa kweli.

Mwalimu Jaku aliufunika msahafu. Alisema basi hakuna kesi, na Halbadiri si kitu cha kusomwa kwa kubahatisha. Akaomba dua ya kawaida ya kumrehemu marehemu, watu wakaitikia amin. Ame alimwendea Matar akampa mkono, na Matar akauinamia mkono ule akalia kwa sauti. Bi Mize naye alilia, lakini kwa namna nyingine. Alimkumbatia Wanu, akamwambia amemtua mzigo wa miaka miwili, kuwa sasa amejua mtoto wake alichukuliwa na Mungu wake tu na si mtu. Walimpa wali na pweza. Wanu alirudi Mjini akiwa mwepesi, akajiambia kuwa ulimi wake ameukata kwa mkono wake na hautamponza tena.

Jumatatu iliyofuata, saa ya adhuhuri, Mzee Taibali alipokwenda kusali, Matar aliingia dukani. Alikuwa amevaa koti lake. Alimshukuru Wanu kwa heshima, akasema kortini wameacha kumcheka, kwa sababu habari za kiapo zimefika kila mahali. Wanu alimwomba radhi. Matar alimsamehe.

Kisha akaegemea meza.

"Sasa tumebaki wawili," alisema. "Nambie. Nani alikwambia?"

"Nshaapa, Bwana Matar. Hakuna."

"Hakuna kabisa? Ulisema tu, likaja lenyewe?"

"Lilikuja lenyewe."

Matar alifikiri. Uso wake ulilegea, na kitu kama tabasamu kikapita juu yake, kama mtu aliyekuwa akitafuta tundu kwenye paa akaambiwa kuwa ni jasho lake tu. Na pale pale, bila ya kuulizwa, akaanza kueleza kwa ile sauti yake ya kusoma majina.

Alisema wake zake alikuwa akiwafungia ndani. Hakuwa na ubaya nao. Mji una watu wengi na mke ni amana. Asubuhi aliacha maji na chakula, akatia kufuli kwa nje, na akirudi alifungua. Yule wa kwanza alitoka kwa dirisha la jikoni, akashukia paa la jirani, ndiyo akatoroka. Dirisha hilo baadaye alilipigilia misumari. Mwanaasha alikuwa mtiifu, hakulalamika hata siku moja, isipokuwa siku ile. Siku ile tangu alfajiri alisema tumbo linamkata, akamwomba aache mlango wazi japo jirani aweze kuja kumtazama. Kulikuwa na kesi kubwa kortini. Alimwambia atarudi adhuhuri. Alirudi alasiri.

"Niligeuza ufunguo," alisema Matar, "na mlango ukakataa kufunguka. Nikadhani bawaba. Kumbe alikuwa amelala nyuma yake."

Wanu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Sikumuua," alisema Matar. "Hata wewe umeliapia hilo. Lakini nilipokusikia nilijua kuwa kuna mtu aliyeona. Sasa nimejua hakuna. Ni wewe tu unayejua, kwa sababu mie nimekwambia, na wewe umekwisha kuapa."

Hakulisema kwa kutisha. Alilisema kwa utulivu, kama mtu aliyepata pahala salama pa kuweka kitu chake. Akachagua kifungo kimoja kwenye kisahani, akatoka.

Wanu alimtafuta Ame siku nne. Alimpata sokoni Darajani, amekwisha kuuza samaki wake, anafunga vikapu. Alimvuta pembeni akamweleza yote, neno kwa neno: kufuli, dirisha, mlango uliokataa. Ame alimsikiliza mpaka mwisho huku akikaza kamba.

"Alkhamisi uliapa kuwa hujui," alisema. "Leo unajua. Na wiki ijayo?"

"Alikuja kuniambia baada ya kiapo."

"Mtu aliyesafishwa mbele ya watu wote akaja akajichafua mwenyewe, kwako wewe." Ame alinyanyua vikapu. "Mama'angu sasa analala, bibi. Halii, hashtuki. Ukipita Kiwengwa na maneno haya, kweli au uongo, mie na wewe hatutasalimiana tena."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomvunja Wanu. Alikwenda kwa shangazi yake, naye akamwambia anyamaze, kwamba safari hii watu watasema kuwa ana wazimu. Alijaribu kwa mteja mmoja aliyemwamini. Yule mwanamke alicheka, akangoja apate sehemu ya kuchekesha zaidi, na ilipokosekana akaondoka amekunja uso.

Miezi miwili baada ya Ramadhani Matar alioa. Bibi harusi aliitwa Kurwa, wa miaka kumi na sita, yatima aliyelelewa na ami yake Makunduchi. Watu walisema ni bahati kubwa kwa msichana kama yule kupata mtu wa kazi ya Serikali. Shangazi alimletea Wanu habari hizo pamoja na kipande cha halua ya harusi. Wanu hakuila.

Alivumilia wiki moja. Jumanne asubuhi, saa ambayo Matar alikuwa kazini, alikwenda mtaa wa Kajificheni, kwa Matar. Nyumba aliijua kwa kuelezwa. Alipanda ngazi za giza mpaka ghorofa ya pili, akakuta mlango wa mbao, na juu yake kufuli la shaba, jipya, kubwa kama ngumi ya mtoto.

Aligonga. Ndani kukawa kimya. Akasema kwa Kikae, maneno ya kwao Makunduchi, kuwa yeye ni Wanu wa Pandu, na kuwa hakuja kwa shari. Nyayo zilikuja mpaka nyuma ya mlango.

Kurwa alisema hajambo. Alisema mumewe ni mtu mwema, anamwachia mkate na maji, ila anaona joto kwa sababu dirisha limepigiliwa. Kisha akauliza kama nje kuna jua. Alisema pia kuwa tangu juzi ana homa, lakini si kubwa, na mumewe amemwahidi kurudi adhuhuri.

Wanu alishuka akagonga kwa jirani wa chini, mwanamke wa makamo aliyekuwa akichagua mchele. Alimwambia kuna msichana amefungiwa juu na ana homa. Jirani alisema mambo ya mtu na mkewe wao hawayaingilii. Kisha, akiendelea kuchagua mchele, akasema kuwa na yule marehemu naye alikuwa mkimya hivyo hivyo. Ni siku moja tu ndipo waliposikia vishindo asubuhi nzima. Walidhani anatwanga.

Wanu alikwenda kortini.

Alikuta watu wamejaa barazani, na Matar mlangoni na karatasi yake, katikati ya jina. Walimjua wote. Walimpisha njia huku nyuso zikianza kuchangamka, kwa sababu Wanu wa duka la vifungo amekuja kumkabili Bwana Matar mbele za watu, na bila shaka analo neno. Wengine walikwisha kuanza kucheka. Wanu alisimama mbele yake akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe ufunguo," alisema.

Walingoja amalizie. Hakumalizia. Alisimama tu, mkono umenyooka, na hakumtazama mtu mwingine. Kicheko kikafa kimoja kimoja. Ndani hakimu aliuliza kwa nini hasikii jina linalofuata. Matar alifungua mdomo aliite, na sauti haikutoka. Alijaribu tena. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa koti, na pamoja na ufunguo vikatoka vifungo vyeupe sita au saba, vikaanguka vikatawanyika kwenye sakafu ya baraza. Hakuna aliyeviokota.

Kurwa alipofunguliwa alikuwa na moto mwili mzima. Alikataa kuvuka kizingiti mpaka Wanu alipomshika kiuno, akawa anauliza kama mumewe ameruhusu. Walimpeleka hospitali, akalala siku tisa. Ami yake alikuja akamchukua, na talaka haikuwa na tabu. Matar aliitoa kabla ya kuombwa. Ame wa Kiwengwa alisikia. Wanu alijua amesikia kwa sababu walikutana Darajani, na Ame akainamisha kichwa, akapita bila ya salamu. Bi Mize, Wanu alivyoambiwa na watu, ameanza tena kushtuka.

Korti haikuwa na la kumshitaki Matar. Aliomba kuhamishwa mwenyewe, akapelekwa Pemba, na baraza iliyokabili duka ikabaki tupu. Wanu alirudi kwenye meza yake. Alihudumia watu vizuri lakini hakuchekesha tena, na wanawake wengi wakahamia duka jingine, naye Mzee Taibali hakumlaumu.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa kiangazi, aliingia mwanamke mmoja mgeni, mchangamfu, akitaka lesi ya foronya. Lafudhi yake ilikuwa ya Pemba. Wanu alimpimia, na huku akipima akamwuliza, kama alivyokuwa akiwauliza Wapemba wote, kama anamjua tarishi wa korti aitwaye Matar.

Mwanamke alimjua. Walikuwa majirani, nyumba zimegusana. Alimsifu sana: mtu wa sala zake, hana kelele, hana deni na mtu. Ameoa tangu Mfunguo Nne, miezi kadhaa sasa.

"Na mkewe ana heshima hiyo," alisema. "Mie jirani yake, tangu aje hata sura sijamwona."

Mkasi ulisimama katikati ya lesi. Wanu aliikata mpaka mwisho, akaikunja, akaifunga kwenye karatasi, akampa mgeni mzigo wake. Kisha akamwuliza meli ya Pemba inaondoka siku gani.